"Kwangu inafanya kazi" si jibu: Developa, funga mzigo wako kabla ya kupanda matatu

Wewe unayeandika programu usiku kucha ukiwa Makutano, Meru, au kwenye chumba cha kupanga karibu na Kangaru, Embu, hebu nikuulize swali moja. Mara ya mwisho ulipompelekea mteja programu yako kwenye flashi, ulijua kompyuta yake ina nini ndani? Siulizi rangi wala ukubwa wa skrini. Nauliza ni Windows gani, biti ngapi, faili zipi za DLL zipo na zipi hazipo.

Kama jibu lako ni "aah, si itashika tu", basi makala haya ni yako. Ni yangu pia, kwa sababu nilisema hivyo hivyo, na nikaaibika mbele ya watu waliokuwa wamekuja kununua dawa ya kupe.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja mwenye duka la agroveti mjini Runyenjes alitaka programu ya kuandikia mauzo, stoki na madeni ya wakulima, na itoe risiti. Tulikubaliana Sh18,000, akanipa Sh6,000 za kuanzia. Nikakaa chini wiki tano nikiandika kwa Python. Kwenye laptopu yangu kitu ilikuwa tamu kabisa: unabonyeza, inahesabu, risiti inatoka. Nikaifunga kwa PyInstaller ikawa faili moja ya .exe, nikaitia kwenye flashi, nikapanda matatu asubuhi. Nkubu, Igoji, Chogoria, Chuka, tukavuka Thuci, huyo Runyenjes. Njia nzima nilikuwa nikizipangia matumizi zile Sh12,000 zilizobaki.

Kompyuta ya mama ilikuwa ya mtumba, imefunikwa kwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya zamani. Windows 7, biti 32. Nikachomeka flashi, nikabofya mara mbili. Windows ikaniambia kwamba faili hiyo hailingani na toleo la Windows lililoko kwenye mashine. Nikabofya tena, kana kwamba mara ya kwanza haikuwa imenisikia.

"Imekataa, kijana wangu?" mama akauliza.

"Hapana mama, inajipanga tu."

Ilikuwa imekataa. Laptopu yangu ni ya biti 64, na PyInstaller hufunga programu kwa kufuata Python iliyoko kwenye mashine unayoitumia. Programu ya biti 64 haiendi kwenye Windows ya biti 32, hata uiombee. Kinyume chake huwezekana: ya biti 32 hufanya kazi kwenye Windows ya biti 64 bila taabu. Jambo hili limeandikwa kila mahali. Sikuwa nimelisoma kwa sababu sikuwa nimewahi kulihitaji.

Nikarudi Meru, nikaweka Python ya biti 32, toleo jipya jipya, nikafunga upya. Wiki iliyofuata niko Runyenjes tena. Safari hii likatokea jina refu kama nambari ya chesisi: api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo kwenye kompyuta hii. Hapo ndipo nilipojua kwamba Python, kuanzia toleo la 3.9, iliachana na Windows 7. Toleo la mwisho kukubali mashine kama ile ya mama ni 3.8. Mimi nilikuwa nimejenga nyumba juu ya 3.10.

Nikiri kitu hapa. Nilitoa simu nikagugo lile jina la DLL, na tovuti kumi zikajitokeza zikisema pakua bure. Kidole kilikuwa tayari. Tafadhali usiwahi. Faili ya DLL uliyoiokota kwenye tovuti usiyoijua, ukaitupa ndani ya mashine iliyo na madeni ya wakulima mia moja, ni kama kuokota funguo barabarani ukazijaribu kwa mlango wa jirani. Hujui nani aliichonga, na pengine hata tatizo lako hailitatui, kwa sababu ikipatikana hiyo, itaitisha nyingine.

Safari ya tatu nilikuja na 3.8. Ikalia DLL nyingine, api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll. Hii ni ya kile Microsoft wanachokiita Universal C Runtime, ambacho kwenye Windows 10 kimo ndani ya mfumo wenyewe, lakini kwenye Windows 7 kinakuja kwa sasisho lenye nambari KB2999226. Sasisho hilo nalo linataka Service Pack 1 iwe imeshawekwa. Mashine ya mama haikuwa nayo. Service Pack 1 ya biti 32 ni zaidi ya megabaiti 500. Tukawasha hotspot ya simu yangu, bando ikakata roho katikati. Mama akavuta daftari lake la Kasuku, akaendelea kuwaandikia wateja kwa kalamu, na mimi nikajifanya nasoma kitu muhimu kwenye skrini.

Safari ya nne ikashika. Nembo ya duka haikuonekana kwenye risiti, kwa sababu nilikuwa nimeandika ndani ya msimbo kwamba picha iko kwenye desktopu ya laptopu yangu mimi, Meru. Hilo nililirekebisha palepale kwa jasho.

Alinilipa, na bila kunipunguzia. Lakini piga hesabu ya nauli mara nne, bando, na siku nne ambazo sikufanya kazi nyingine. Hata hiyo si hasara kubwa. Shemeji yake ana hadwea mjini Embu, na alikuwa amesema akiona ya mama imeshika naye atanipa kazi. Aliona yote. Aliniambia kwa heshima kabisa, "Wacha kwanza tungoje kidogo." Bado anangoja.

Sasa ndugu yangu, dada yangu, sikuhadithii haya unihurumie. Nataka tukubaliane juu ya jambo moja ambalo wengi wetu hatulioni kama kazi: kufunga programu ili ijisimamie kwa mtu mwingine ni nusu ya kazi yenyewe. Tunaichukulia kama kuweka zawadi kwenye karatasi. Tunaifanya saa sita usiku kabla ya safari, tukiwa tumechoka.

Programu yoyote ile haisimami peke yake. Inaegemea maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu wengine, na maktaba hizo zinaegemea nyingine, na chini kabisa kuna vitu vya mfumo endeshi wenyewe. Hivyo ndivyo vitegemezi. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sijui kama walikuwa wameona ujumbe wa DLL iliyokosekana, lakini walilijua tatizo.

Ubaya ni kwamba vitegemezi havionekani kwenye mashine yako. Ulipoweka Visual Studio, ilikuwekea faili za VCRUNTIME140.dll na MSVCP140.dll bila kukuuliza. Ulipoweka gemu, nayo ikaja na zake. Kila kitu ulichojaribu miaka mitatu iliyopita kimeacha kitu nyuma. Kwa hiyo laptopu ya developa ndiyo mahali pabaya zaidi pa kuipimia programu. Mcheza kwao hutunzwa, ndiyo, lakini mteja hakai kwako.

Nenda uwaulize wenzako wamekwama wapi, utasikia nyimbo zilezile. Aliyeandika kwa C++ atakutajia hiyo VCRUNTIME140. Aliyeandika kwa C# atakwambia mashine ya mteja iliitisha .NET Framework 3.5, ikataka kwenda kuichukua intanetini, na intaneti hakuna. Wa Java atasema mteja hana Java, au anayo ya kale. Halafu kuna wale wa XAMPP, na hapa nacheka nikijicheka, maana nami nimepita huko. Umeandika mfumo mzuri wa shule au wa kliniki, hifadhidata yake ni MySQL ya ndani ya XAMPP, na sasa karani lazima kila asubuhi afungue dirisha la XAMPP, abonyeze kitufe cha kuwasha MySQL, ndipo mfumo wako uamke. Siku akisahau, anakupigia simu kwamba "system imekufa". Siku mtu mwingine akiingilia mlango huohuo wa 3306, MySQL haiwaki kabisa. Hicho si kitegemezi, hicho ni kibarua umempa karani bila mshahara.

Na usifikirie ni matatizo ya sisi wadogo wa mashambani. Angalia OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake iko hapahapa Kenya. Ulianza mwaka wa 2004, wataalamu wa Regenstrief Institute ya Indiana wakishirikiana na wenzao wa Eldoret katika mradi wa AMPATH. KenyaEMR, ambayo imewekwa katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Mfumo wenyewe unahitaji Java, unahitaji seva ya Tomcat, unahitaji MySQL, na kila kimoja kwa toleo linalokubaliana na vingine. Hebu fikiria muuguzi wa zahanati ambaye anataka tu kuujaribu. Ndiyo maana wakatoa toleo la pekee walilolipa jina Standalone: folda moja, ndani yake hifadhidata imo, seva imo, unafungua na kubofya. Kitu kimoja tu kilibaki nje, Java yenyewe. Hata hao, pamoja na akili zote zile, walibakisha kamba moja nje ya mzigo, na mtu asiyekuwa na Java, au mwenye toleo lisilofaa, alikwama mlangoni. Lakini tazama walichofanya: walikaa wakajiuliza mtumiaji atakuwa na nini mkononi, wakapunguza masharti kutoka mengi hadi moja. Sisi wengine tunamwachia mteja yote.

Naona tayari kuna mmoja ananijibu: "Bro, hizo ni hadithi za zamani, peleka kila kitu kwenye wavuti." Sawa. Kama kazi yako inaweza kukaa kwenye wavuti na mteja ana mtandao wa kuaminika, ipeleke, sitakuzuia. Lakini mizani ya kahawa au ya maziwa iliyounganishwa kwa waya wa siriali haijui wavuti ni nini. Printa ndogo ya risiti ina draiva yake. Na duka ambalo mtandao wake ni simu ya mwenye duka, akitoka kwenda mazishi Kiritiri anatoka na mtandao, linahitaji kitu kinachokaa palepale mezani.

Tena soko la hivi vitu linapanuka. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi katika hesabu za kodi, ukiondoa zile chache zilizosamehewa. Mwenye duka ambaye zamani hakutaka kusikia habari ya kompyuta sasa anaitafuta. Anaenda kununua gani? Ya mtumba, kama ya yule mama. Na Oktoba 14, 2025 Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, kama walivyosimamisha wa Windows 7 Januari 14, 2020. Mashine ambazo haziwezi kupanda hadi Windows 11 hazitatupwa. Zitashuka bei, zitafungwa kwenye gari, na nyingine utazikuta Maua, Siakago na Kianjai zikifanya kazi miaka mingi. Hao ndio wateja wako.

Na wavuti yenyewe si kwamba imeponea. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye hazina ya npm kipande chake cha msimbo kilichoitwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi kila pembe ya dunia ikagoma kujengwa, hadi npm ikabidi warudishe kile kipande wenyewe. Mistari 11! Wengi waliokwama hawakuwa hata wanajua wanaitegemea, kwa sababu ilikuwa kitegemezi cha kitegemezi cha kitegemezi.

Basi nifanyeje, utauliza. Niweke kila kitu ndani? Kwa maduka na ofisi ninazozijua mimi, jibu langu ni ndiyo, karibu kila mara. .NET za siku hizi zinakuruhusu kutoa programu iliyobeba .NET yake yenyewe. Java ina jpackage, iliyokomaa katika JDK 16, ambayo hukutengenezea kisakinishi kilicho na Java ndani. Microsoft wanakuruhusu kusambaza faili yao ya vc_redist pamoja na programu yako, na Inno Setup, ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu 1997, inaweza kuiendesha kimyakimya kabla ya kuweka ya kwako. Ukiwa wa biti 32, beba vc_redist ya biti 32 hata kama Windows ya mteja ni ya biti 64. Hapo wengi huanguka.

Lakini sitakudanganya kwamba mzigo mzito hauna gharama. Ukitumia Electron, programu ya kuandika deni la maziwa inaanza na zaidi ya megabaiti 100, kwa sababu umebeba kivinjari kizima cha Chromium ndani yake. Hiyo mtu haipakui kwa bando la saa moja, lazima uipeleke kwa flashi. Na kuna jambo zito kuliko ukubwa. Ukibeba maktaba ndani, imekuwa mtoto wako. Aprili 2014 lilipotangazwa shimo la Heartbleed katika OpenSSL, mashine zilizokuwa zikitumia OpenSSL ya mfumo zilizibwa kwa sasisho moja. Programu zilizokuwa zimebeba nakala zao wenyewe zilibaki wazi mpaka kila mwenye programu alipoamka akatoa toleo jipya. Kwa hiyo ukifunga, andika mahali umefunga nini na toleo gani. Mimi nina daftari, ndiyo, la karatasi. Kila mteja ana ukurasa wake: Python gani, maktaba gani, tarehe gani. Kukitokea shimo, nafungua daftari najua wa kuwapigia simu.

Wa Linux wasinitazame kwa dharau. Faili ya .deb ina mstari wake wa kutaja inachotegemea, na apt inakwenda kukileta, mradi intaneti ipo. Isipokuwepo umebaki na ujumbe mwekundu. Na ukijenga kwenye Ubuntu mpya, mashine yenye Ubuntu ya miaka iliyopita itakwambia haina GLIBC unayotaka. Dawa ni kujenga kwenye ile kongwe zaidi unayokusudia kuihudumia, au kutumia AppImage, na hata AppImage haikuokoi na hiyo GLIBC kama ulijenga juu ya mpya.

Kuna antivairasi pia, ambayo watu hawaihesabu kama kitegemezi ila ni kama askari wa mlangoni. Faili moja ya .exe iliyofungwa na PyInstaller mara nyingi hushukiwa, kwa sababu wezi nao huitumia njia hiyohiyo. Mteja anaona programu uliyomwekea jana leo haipo, imefagiliwa. Usimwambie mteja azime antivairasi! Unamfundisha kuacha mlango wazi kwa ajili yako. Mimi niliacha ile ya faili moja, natoa folda nzima na kuiweka kwa Inno Setup, na malalamiko yamepungua sana. Hayajaisha. Kusaini programu kwa cheti kungesaidia zaidi, lakini bei ya cheti kwa anayelipwa Sh18,000 kwa kazi ya wiki tano, wacha tu.

Nina lalamiko moja kwa waliotufundisha, na sitaji chuo chochote kwa sababu nimewauliza rafiki zangu waliosoma huku na kule na hadithi ni moja. Siku ya kutetea mradi wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi anakuja na laptopu yake mwenyewe. Anaiwasha, programu inafunguka, wahadhiri wanauliza maswali ya michoro na sura ya tatu ya ripoti, wanampa alama. Hakuna anayesema: "Toa flashi, weka kwenye ile mashine ya maabara pale kona, sisi tunangoja." Dakika kumi tu. Ningependa kuona Nchiru na pale Chuo Kikuu cha Embu, na kila mahali pengine wanapofundisha somo hili, alama kumi kati ya mia zikitegemea mashine ya kona. Wanafunzi watalia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili watakuwa wanajua Inno Setup kuliko mimi.

Mtu aliniambia hilo ni jambo la ufundi mdogo, chuo ni mahali pa nadharia. Sikubaliani. Kujua msimbo wako unaegemea nini, na hicho kinaegemea nini, hadi chini, ndiyo nadharia yenyewe ya mfumo endeshi, ila tu imevaa gumbuti.

Usiponiamini, fanya jaribio leo usiku. Kama una Windows ya Pro, kuna kitu kinaitwa Windows Sandbox, ni Windows safi ndani ya Windows, unaiwasha, ukiifunga inasahau kila kitu. Kama huna, weka VirtualBox na Windows isiyo na chochote. Zima Wi-Fi. Hiyo ya kuzima Wi-Fi usiiruke, kwa sababu visakinishi vingi vinajifanya vimekamilika kumbe vinanyemelea intaneti kuchukua vilivyosahaulika. Weka programu yako kwa akaunti isiyo ya msimamizi, kama karani atakavyokuwa. Ifungue. Andika rekodi moja. Hapo utagundua kama uliweka hifadhidata yako ndani ya Program Files, ambamo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika, nayo itakataa. Peleka data kwenye ProgramData au folda ya mtumiaji. Kama kuna DLL inakosekana na hujui ni ipi inaiitisha, kuna chombo cha bure kiitwacho Dependencies, kinakuchorea ukoo mzima wa programu yako, nani anamtegemea nani. Mara ya kwanza nilipokifungulia kazi yangu nilinyamaza kwa muda.

Najua unachofikiria. Mteja analipa kidogo, mbona nijitese? Mimi nahesabu hivi: mji wa Runyenjes ni mdogo, Embu si mkubwa, Meru watu wanajuana. Anayeuza dawa ya mifugo ana shemeji wa hadwea, mwenye hadwea anakaa kamati moja na katibu wa kiwanda cha kahawa. Habari ya kijana aliyeketi dukani siku nzima akibofya ilifika Chuka kabla ya matatu yangu. Na upande wa pili kuna mtu ambaye hatumfikirii: mkulima aliyekuja kulipa deni siku ile programu imegoma, likaandikwa kwenye karatasi, karatasi ikapotea, na mwezi uliofuata akadaiwa tena. Huyo hajui DLL ni nini. Anajua tu kwamba kompyuta imeanza kumwibia.

Baada ya ile safari ya nne nilienda kwa saiba moja Makutano iliyokuwa ikifunga, nikanunua mashine yao kuukuu kuliko zote. Ni ya biti 32, ina Windows 7 bila Service Pack, na feni yake inalia kama posho mili. Iko chini ya meza yangu. Sijaiweka Python wala kitu chochote, na mdogo wangu amekatazwa kabisa kuitilia gemu. Kila nikimaliza kazi naichomeka flashi humo kwanza.

Ijumaa iliyopita niliijaribia programu ya mtu wa Siakago, ya kuandikia mizigo ya ndengu na pojo. Ikakataa. Printa ya risiti inataka maktaba ambayo nilisahau kuiweka kwenye folda. Nimempigia simu mzee nimemwambia badala ya Jumamosi nitafika Jumanne. Aliguna kidogo, halafu akaniuliza kama Jumanne nitakuja kabla ya saa nne, kwa sababu ni siku ya soko.